Nati za Upande wa Kushoto

Mume wangu ametengeneza magari ya watu zaidi ya mia kwa mdomo tu, na lake lilikaa juu ya matofali miaka sita. Naanza na hilo ili asije mtu akasema namsengenya. Simsengenyi. Kila asubuhi nikifagia uwanja ilinibidi nilizunguke hilo gari, na fagio langu ni shahidi.

Watu wanamwita Mzee Niambie. Jina hilo alipewa na wapigaji simu. Mtu akianza tu, "Mzee, nadhani pampu ya mafuta imekufa," yeye humkatiza palepale: "Sikukuuliza unachodhani. Niambie unachokiona." Basi mwenye gari atarudi chini ya boneti, aangalie vizuri safari hii, na mara nyingi atakuta mpira wa mafuta umepasuka sehemu ndogo na injini inafyonza hewa. Pampu ingenunuliwa bure. "Kata penye ufa, vuta, funga upya," atasema, kisha atarudi kwenye chai yake ambayo mimi nimeshaipasha moto mara tatu.

Alikuwa dereva wa wapima ardhi miaka ishirini na saba. Kule walikokuwa wakilala kwenye mahema hakukuwa na duka la spea wala fundi, na gari likigoma mnakuwa nyinyi na gari lenu. Ndiko alikojifunza kuziba tangi lililotoboka kwa sabuni ya mche, na kunusa oili kwenye kijiti cha kupimia akajua kama petroli imeingia. Alipostaafu akanunua mojawapo ya magari yale, la zamani, la kupanda milima, lenye gia ndogo ya pili ya kuyavutisha matairi yote manne. Mwanamke mwingine angeletewa kitenge. Mimi nililetewa hilo, nikaambiwa nilinyweshe maji.

Simu zilianza na daktari wa mifugo aliyekwama mtoni. Alisaidiwa, akaitoa namba kwa rafiki yake, na rafiki yake naye ana rafiki. Wenye magari haya wanajuana kama watu waliougua ugonjwa mmoja. Akawa anapigiwa na mkunga wa zahanati ya mbali, na mchoma mkaa, na mtu mmoja mwenye sauti nzito ambaye mpaka leo hatujui anafanya kazi gani. Siku ya mahafali ya binti yetu, mzee amevaa tai, nilimkuta nyuma ya ukumbi anamwambia mtu, "Usikaze! Nimesema usikaze!" Wageni walidhani kuna ugomvi.

Ana masharti mawili. La kwanza, hashiki spana ya mtu. "Ukifunguliwa na fundi, kesho utamwita tena," husema. "Ukifungua mwenyewe, umeshajua." La pili, kifaa cha zamani hakitupwi mpaka kipya kilazwe ubavuni mwake, vipimwe kwa kamba, vifanane. Mtu mwingine hutupa kifaa chake jalalani, halafu akauziwa kisichoingia, akabaki kashika tama. Ndiyo maana chini ya vitanda vya watoto wetu waliokwisha kuolewa na kuoa kumejaa makopo ya maziwa yenye beringi na washa na vidude ambavyo nimekatazwa kuvigusa.

Udhaifu wake ni mmoja: mkono wake hauna kufuli. Mkunga alipiga akasema klachi haishiki tena, kifaa hakipatikani, na ana mzazi wa kumfikisha hospitali. "Subiri," akasema mzee, akatoka nje na spana, akakitoa kwenye gari letu. Kesho yake redieta ikaenda kwa daktari wa mifugo. "Letu si limesimama tu," akanijibu nilipouliza. "Litasimama mpaka kiama ukiendelea hivyo," nikamwambia. Alicheka. Huwezi kumkasirikia kwa muda mrefu mtu anayecheka vile, na nimejaribu.

Sasa nieleze kilichonifanya nilitake lile gari.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, na aliyenilea ni dada yangu. Yeye mwenyewe alikuwa msichana tu. Alinibeba, akanitoa chawa, akanipeleka shule akiwa yeye ameacha. Aliolewa juu milimani, kwenye barabara inayokula magari, na kwa miaka hiyo sita ya gari kusimama tulikuwa tunasikilizana kwa simu tu. Lori la mbao hupanda huko mara moja kwa wiki, abiria anakaa juu ya mbao siku mbili. Nililijaribu mara moja, magoti yakakataa katakata.

Basi akanipigia. Alikuwa na presha ya macho, na daktari hakumficha: lililopotea halirudi, na lililobaki ni la wiki kadhaa. "Sasa hivi naona kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo," akasema. Hakulia. Dada yangu halii. "Mdogo wangu, njoo nikuone. Sauti yako nitaisikia hata nikiwa kipofu. Uso wako ndio nautaka."

Nilikata simu nikaenda nje, mzee alikuwa anamfundisha mtu kwa simu kusafisha kabureta. Nikamwambia, "Baba watoto, nataka gari. Mvua kubwa zina wiki tatu zifike, na zikifika ile njia hapiti hata mbuzi. Nataka nikaonwe na dada yangu." Aliniangalia usoni, akamwambia yule mtu atampigia baadaye, akaizima simu. Nilikuwa sijawahi kumwona akiizima.

Alifanya kazi siku kumi na mbili kuanzia alfajiri. Aliomba, yeye ambaye kazi yake ni kutoa. Redieta ilipatikana kwenye mkweche wa mtu, klachi akaitengeneza kwa vipande vya mbili. Injini ilipowaka uwanja ulijaa moshi, majirani wakapiga vigelegele, mimi nikaanua nguo zangu na kuzifua upya. Ilibaki breki ya mbele kushoto peke yake. Jumanne akainama kubeba betri, na mgongo ukamkamata. Tulimbeba watu watatu mpaka kitandani. Tabibu akasema alale chali siku nne, asinyanyue hata kikombe.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima. Jumatano asubuhi nikavaa suruali yake ya kazi, nikajifunga kamba kiunoni, nikatoka na spana. Alinipigia simu kutoka kitandani. Dirisha la chumba liko hatua kumi kutoka kwenye gari, lakini alisema hawezi kufikiri bila simu sikioni.

"Anza kwa kufungua tairi," akasema. "Lakini kumbuka, kwenye magari haya nati za upande wa kushoto zimegeuzwa. Kufungua, unazungusha kwenda kulia."

Nikachuchumaa. Bolti zilikuwa zimechomoza mbele ya nati, na uzi wake, ile mifereji myembamba inayoizunguka, ulionekana vizuri. Nikaenda kuangalia tairi la kulia, nikarudi. "Mzee, uzi wa hizi unapanda vilevile kama wa kule. Haukugeuzwa."

"Haiwezekani. Kushoto ni kinyume. Nimewaambia watu hivyo miaka yote hii."

"Nakwambia ninachokiona."

"Mke wangu, unadhani tu. Zungusha kwenda kulia. Ikikataa, tia bomba kwenye spana, uikanyage."

Nikatii, mjinga mimi. Nikatia bomba, nikapanda juu yake na uzito wangu wote, nao si haba. Pakalia mlio kama mfupa, nikaanguka kwa makalio. Bolti ilikuwa imekatika, ncha yake na nati yake viko mavumbini.

"Niambie," ikasema simu.

Wallahi, nilimwambia. Niliiacha simu chini nikaenda kusimama dirishani ili anisikie kwa masikio yote mawili. "Wachoma mkaa usiowajua hata sura unawauliza wanaona nini, unawasikiliza! Mimi niliyelala na wewe miaka thelathini na minne naambiwa nadhani! Dada yangu anapofuka, na wewe unabishana na macho yangu!" Nikarusha spana, nikaingia jikoni, nikalia kwenye ndoo ya unga.

Baada ya muda nikasikia kitu kinakwaruza ukuta. Alikuwa ameamka. Alitembea amejikunja, mkono mmoja ukutani, mpaka nje, akakaa juu ya debe mbele ya tairi. Nilimtazama kutoka mlangoni. Akapitisha kidole kwenye uzi wa bolti, moja baada ya nyingine, polepole. Kisha akafunika uso.

"Nilimpa yule mkunga kikombe chote kinachoshika tairi hili, na bolti zake," akasema. "Nikaweka cha gari jingine, cha kawaida. Nikasahau. Nilikuwa nakujibu kwa gari lililo kichwani mwangu." Akageuka kunitazama. "Nimekosea, mama watoto. Uliona sawa."

Katika miaka thelathini na minne neno "nimekosea" nilikuwa nimelisikia mara mbili, na mara moja ilikuwa kuhusu chumvi. Akaendelea: "Ndugu zako wote walikataa nikuoe. Walisema dereva ni mtu wa njiani. Dada yako peke yake ndiye aliyesema mpeni. Unadhani mimi sitaki kukufikisha kwake?" Machozi yalikuwa yanamlenga. Nilimpenda palepale, na mgongo wake, na debe lake, na usahaulifu wake. Lakini sikumwambia mara moja, nilitaka kwanza yamkolee kidogo.

"Tutapanda na bolti zilizobaki," nikasema.

"Hatupandi. Ningemkataza mtu baki, seuze wewe."

Dukani mjini zilipatikana bolti za kila aina isipokuwa yetu. Nilizilaza ubavuni mwa ile iliyokatika, nikapima kwa kamba: moja nene, moja fupi, moja uzi mpana. Nikarudi mikono mitupu. Mzee alikuwa bado kwenye debe, amekataa kurudishwa ndani. Nikalizunguka gari, safari hii si kwa kufagia bali kwa kutazama, bila kumuuliza mtu. Nyuma, mlangoni, tairi la akiba limeshikwa na bolti tatu. Nikainama.

"Na hizi je?" nikaita.

"Zipi?"

"Njoo uangalie. Usinijibu kutoka hapo."

Alikuja amejikunja vile vile. Tukapima kwa kamba, unene, urefu, uzi. Zilikuwa baba mmoja mama mmoja na ile iliyokatika. Alianza kucheka, akashika mgongo, akacheka huku analia kwa maumivu. "Nimekaa na hili gari miaka yote hii," akasema, "sijawahi kuliwaza tairi la akiba."

Nikaigonga moja kwa nyundo ikatoka, nikaipachika mahali pa ile iliyokatika. Akanionyesha kwamba ukiweka nati na kukaza, bolti inajivuta yenyewe mpaka ikae. Kisha nikafungua breki, nikabadilisha mipira, nikafuta mafuta yaliyovuja, na kila nilipomwambia ninachokiona alijibu "sawa" kwa adabu kama mkwe. Kwa kutoa upepo kwenye breki tulimwita jirani yetu mshona nguo akanyage pedali. Alikanyaga mbio mbio. "Shoga, hii si cherehani!" nikampigia kelele nikiwa chini ya gari. "Kanyaga, shikilia!" Tulimaliza adhuhuri ya Ijumaa.

Jumamosi tukapanda. Mzee aliendesha, mto mgongoni, na tairi la akiba tukalifunga kwa kamba juu ya paa. Mara tatu nilishuka kuzikagua nati, maana yeye kushuka kulikuwa adhabu. Zilikuwa zimekaza. Nilijipaka kila aina ya uchafu uliomo chini ya gari, nikawa najifuta kwa khanga bila kioo.

Dada yangu alikuwa amekaa kizingitini. Alisikia injini, akawa anageuza kichwa huku na huko akitutafuta, na tulikuwa mbele yake kabisa.  Nikakimbia na magoti yangu haya, nikapiga goti mbele yake. "Dada, ni mimi."

Akanishika uso kwa mikono miwili. Akausogeza kushoto kidogo, akaushusha, akaurudisha, mpaka akauweka pale alipotaka, akaushikilia.  Macho yake hayakutikisika, nami nikaanza kuogopa.

"Dada, unaniona?"

 Alilamba kidole gumba, akakipeleka chini ya sikio langu, akaanza kusugua kwa nguvu kama alivyonifanyia nikiwa na miaka minne.

"Mtu mzima na akili zako," akasema, "unakuja kwa watu na grisi shingoni."