Mbwa wa Komunio Yangu

Binti yangu amepata mtu anayegawa watoto wa mbwa, na tangu Jumapili hanipi nafasi: mama, tuchukue dume au jike? Nilimwambia amuulize baba yake. Baba yake akamrudisha kwangu, eti mimi ndiye niliyekulia Likasi na mbwa uani. Hajui anachosema. Swali hilo niliulizwa mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, na nililijibu vibaya.

Jirani yetu katika kambi ya wafanyakazi alikuwa baba yangu wa ubatizo. Alifanya kazi na baba kiwandani, zamu moja, tanuru moja, nami nilimwita parrain, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita waliowasimamia kwenye ubatizo. Aliniahidi mtoto wa mbwa siku ya komunio yangu ya kwanza. Mbwa wake alipozaa, miaka ya tisini ikianza, walipona wawili, dume na jike, nami nikawa naenda kuwatazama kila siku mpaka mke wake akachoka nami.

Kisha ikaanza kusemwa, kwanza sokoni, halafu mlangoni kwake, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Parrain alizaliwa Likasi. Kasai, mkoa wa wazazi wake, aliijua kwa kusimuliwa. Bati lake lilipigwa mawe siku tatu mfululizo, na baba yangu, ambaye kambi nzima ilimjua kwa nguvu za mikono, alikaa ndani akaongeza sauti ya redio. Nilimchukia kwa hilo. Leo simchukii, lakini sijasahau wimbo uliokuwa ukipigwa.

Siku ya nne, mchana kweupe, parrain alivuka uani kwetu amevaa nguo zake za kazi, kila kwapa mtoto wa mbwa.

"Komunio yako miye sitaiona," aliniambia. "Chagula sasa. Ule mwingine tutaenda naye ku gare."

Nilimtazama baba. Baba akatazama chini. "Mutoto achagule," alisema. "Mbwa ni yake."

Parrain akanionyesha namna ya kuchagua. Alimwinua dume kwa ngozi ya shingo, dume akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Alimwinua jike, jike akaning'inia kimya, akimtazama machoni. Asiyelia ndiye mlinzi, alinieleza. Moyo wangu ulikuwa umeshakwenda kwa jike.

"Mwanamuke atazala," mama alisema kutoka jikoni. "Batoto yake tutabalisha na nini? Mposho iko wapi?"

Mposho ni chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi kila mwezi, na ulikuwa umekatika kabla hata mshahara haujakatika. Mbwa wa kwetu walikula ukoko wa bukari, ugali wetu, na siku hizo ukoko tuliula wenyewe.

"Mwanaume naye anakimbiliaka babibi ya bantu," baba alisema. Yeye na parrain wakacheka kidogo, kama zamani.

Niliutazama uso wa mama, nikasema haraka: dume. Parrain akamweka chini. Jike akamrudisha kwapani.

Huko gare, yaani stesheni, parrain na watu wake walikaa wiki nyingi kati ya maelfu ya watu chini ya maturubai, wakingoja treni. Kila Jumapili baada ya misa mama alinituma na bukari iliyofungwa kitambaani. Jike alikuwa amefungwa kwenye mzigo wao, anazidi kurefuka, mbavu nje. Alinijua. Ndugu yake kule nyumbani wala hakuwa mlinzi, alimchezea mkia kila aliyepita.

Treni ilipokuja, watu walipanda mpaka juu ya mabehewa. Mbwa hakuwa na nafasi. Parrain alikuwa mlangoni mwa behewa, amembeba mtoto wake mdogo begani, akaninyooshea kamba.

"Chukula naye. Bakuwe babili. Utamuchunga?"

"Ndiyo, parrain."

Nilimpeleka nyumbani. Mama alikuwa anakwangua sufuria. Alimtazama mbwa, akawatazama wadogo zangu, akasema polepole, "Tulisema mumoja." Kisha akaanza kulia, na baba akatoka nje. Ningejua kubishana na hasira yake. Kilio sikukiweza.

Nikamrudisha stesheni. Watu walishaondoka, zimebaki tu alama za moto na matambara. Nilimfungua shingoni kwa sababu kamba mama alisema ataanikia nguo. Jike akaketi kandokando ya reli, akielekea kule treni ilikokwenda. Hakunifuata. Hakulia pia. Nilirudi na kamba mkononi, na Jumapili iliyofuata nilipopita pale hakuwepo.

Dume tulikaa naye miezi michache. Siku moja alipita chini ya ua kufuata jike wa watu, vilevile baba alivyosema, asirudi.

Barua ilikuja baada ya hapo, imeletwa na mfanyabiashara. Parrain alituambia kwamba wamefika. Kwamba mtoto wao mdogo wamemzika njiani, karibu na reli, mahali asipopajua jina. Halafu akauliza habari za mbwa. Jike akizaa, aliandika, tumwekee mmoja, dume au jike ni sawa, yeye hatachagua.

Baba aliisoma mara mbili. Akachukua karatasi, akaketi mezani na kuandika kwamba mbwa wote wawili wapo, wamenenepa, jike amezaa wanne, na wake tumemwekea. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Baba akanisogezea kalamu.

"Weka jina," alisema. "Mbwa ni yako."

Nikaandika jina langu chini ya jina lake, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.