Walimlilia na Mafuta Kidevuni

Firmin bwana yangu hakuwahi kuona simba. Naanza hapo kwa sababu mpaka leo kuna wazee hapa Uvira wanaokaa kwenye baraza na kusema Firmin alikuwa anaongea na simba, Firmin alikuwa anaita tembo wanakuja. Uongo. Alikuwa mtoto wa Kalundu kule ziwani, baba yake mvuvi wa ndagala, na mnyama mkubwa aliyemjua kwa karibu ni beberu la mama yake. Hata huyo alimwogopa, maana alikuwa na tabia ya kupiga pembe.

Kazi yake ilikuwa sinema. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na gari la serikali lililozunguka na mashine ya filimu, Uvira, Katogota, mpaka Bwegera kule kwenye mpunga. Likifika wanatandika shuka nyeupe ukutani na watu wanajaa. Filimu za wanyama zilisema Kifaransa ambacho watu hawakusikia. Basi Firmin anasimama kando ya shuka na kipaza sauti, anasema yeye. Simba jike alimpa sauti ya mama mkwe anayekuta nyumba chafu. Kifaru alimfanya karani aliyepoteza miwani. Watu walicheka mpaka wakaanguka kwenye nyasi. Mambo mengine aliwauliza wawindaji wa uwanda wa Ruzizi, mengine aliyatunga jikoni kwangu nikisonga bugali, na ni mimi niliyemwambia tembo aongee polepole kama padri mzee.

Dipanda, uhuru wetu, ilipofika, Wazungu walikwenda na gari, mashine ikabaki. Firmin akaendelea katika uwanja mmoja kule Mulongwe, mpaka esansi ya kuwasha motere ikaisha mjini. Hapo nilidhani atarudi kwenye nyavu za baba yake. Hapana. Alisimama mbele ya ukuta mtupu, akasema simba, akasema nyoka, akanguruma, na watu wakaja vilevile. Ukuta hauna kitu, na watu wamejaa. Siwezi kukataa kwamba walimpenda.

Lakini walianza kuamini, na hiyo ndiyo iliyonichukiza. Njiani wanamwamkia kama mtu aliyepigana na wale wanyama. Wanawake wanamletea watoto wanaolia usiku, awangurumie kidogo, woga utoke. Nilimwambia, "Firmin, waambie ukweli, sema uliona kwenye shuka tu." Akacheka, akasema, "Mama Sabine, nikiwaambia hivyo watarudi kulala." Sisemi alikuwa malaika. Sifa zilimpendeza.

Mwaka wa 1964 waasi wakaingia mjini, na hao walijiita Simba. Walikuwa na mai yao, maji ya dawa. Wakikunyunyizia, risasi ikikufikia inageuka mai. Lakini dawa ilikuwa na miiko, na mwiko mkubwa ulikuwa mwanamke. Akikugusa tu, dawa imekufa. Komanda wao aliitwa Mathieu, kijana wa Bwegera aliyekuwa anakaa mstari wa mbele kila gari la sinema lilipofika kwao. Alijua maneno yote ya Firmin kwa kichwa. Alipomwona alipiga magoti barabarani, na bunduki yake mgongoni.

Akasema, "Muzee Firmin, minye niko mutoto wako. Ni weye ulinifundisha simba."

Tangu siku ile Firmin hakuwa wangu tena. Walimchukua asubuhi, wakamrudisha wakitaka. Walimnyunyizia mai yao. Alinguruma mbele ya vijana waliokuwa wanakwenda kupigana kule uwandani, nao wakaondoka wakiwa na nguvu, na wengi hawakurudi. Aliniambia hilo lilimwuma. Hakuacha.

Halafu kiboko mmoja jike akaanza kupanda kula majani kule Kavimvira, karibu na mdomo wa mto Ruzizi, na mtoto wake nyuma. Kila mvuvi anajua kiboko mwenye mtoto ni wa kukimbia. Lakini wapenzi wa Firmin wakasema, mbona tunasikia maneno kila siku, tumwone na mnyama mzima. Mathieu akaipenda sana. Siku ikatajwa, siku ya Mungu, baada ya misa.

Asubuhi ile nilimnyoa ndevu Firmin, nikampa bugali na ndagala. Alikula kidogo. Mkono wake ulikuwa baridi, nikaushika.

"Usiende," nikamwambia.

"Watu wamesha kuja."

"Watu wataenda nyumbani. Weye ukienda pale hautarudi."

Akasema atasimama mbali, ataongea kidogo, kiboko ataingia majini, basi. Nikamfuata nyuma, kwa hasira tu.

Njia nzima ilijaa. Mwanamke mmoja jirani yangu, Apollinarie, mwenye mdomo mwingi, alinipita amejifunga kikwembe kipya. "Mama Sabine, leo bwana yako ataongea na kiboko Kifuliiru ao Kifaransa?"

Mwingine akamjibu, "Kirundi. Huyu kiboko anatoka ng'ambo."

Wakacheka. Walikuwa wamebeba miwa ya kutafuna.

Kiboko alikuwa amesimama kwenye majani, mtoto wake nyuma karibu na maji. Firmin alisimama mbali kama alivyosema. Akaanza kwa ile sauti yake ya sinema: "Huyu ni mama mwenye nyumba, mumuheshimu." Watu wakapiga makofi. Kisha wakaanza kupiga kelele, karibia, karibia muzee, uko na dawa. Akapiga hatua. Karibia. Akapiga tena. Niliona shingo yake kwa nyuma, ilikuwa imelowa jasho. Mtu mmoja nyuma yangu, ambaye sitamtaja kwa sababu watoto wake ni majirani zangu, alisema, "Ah, huyu anaogopa, turudi." Firmin alilisikia hilo. Akasogea mpaka akawa kati ya mama na maji.

Sitaeleza mengi. Kiboko hachukui muda. Alimshika mara moja tu, akamwacha, akaingia majini na mtoto wake. Waliokuwa wanasema karibia walikuwa wamesha kufika barabarani.

Waliporudi, walirudi wakilia. Sijaona kilio kama kile tangu nizaliwe. Wanaume wazima walijiviringisha kwenye mavumbi. Apollinarie alichana kikwembe chake na kuita "bwana yetu, bwana yetu," mimi nimesimama pale. Wapiganaji walimweka Firmin juu ya mlango waliong'oa mahali, wakambeba mpaka uwanja wa sinema kule Mulongwe, wakamlaza chini ya ule ukuta. Mathieu akasema watamzika hapo hapo, na risasi hewani, kama mkubwa wao.

Mimi nilitaka kitu kimoja. Nimwoshe bwana yangu kwa mikono yangu, na azikwe Kalundu kando ya baba yake, mama yake, Florentine, akiwa amemwona uso. Tayari mama mkwe alikuwa amefika, na Léopold, ndugu mdogo wa baba yake Firmin. Tulikuwa watatu. Tulipokaribia ule mlango, mpiganaji mmoja akanisukuma kwa kitako cha bunduki.

"Mwanamuke haguse. Huyu iko na dawa."

"Dawa gani," nikasema. "Unaona tumbo lake?"

Mathieu alikuja, macho mekundu. Akauliza watu wote kwa sauti kubwa, lakini alinitazama mimi. "Dawa yetu haikosee. Nani alimugusa leo?"

"Minye," nikasema. "Nilimunyoa ndevu. Nilimushika mukono. Niko bibi yake, ulitaka ashikwe na nani?"

Nikasikia neno likipita mdomo kwa mdomo: ni bibi yake, ni bibi yake aliyemuua. Wale wale wa karibia. Apollinarie alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndimi kiboko.

"Kaa kule," Mathieu akaniambia. "Tukisha kumuzika tutaongea kesi yako."

Tukakaa kwenye jua, nje ya uwanja, mama mkwe amefunika uso. Ndani walikuwa wanashindana. Huyu ananguruma kama Firmin, yule anamkosoa, hapana, aliinamisha kichwa hivi, si hivyo. Kijana mmoja alitoa sauti ya kifaru mtafuta miwani, na waombolezaji wakacheka, kisha wakakumbuka, wakaanza kulia upya. Nilitema mate chini. Maiti iko kwenye nzi, wao wanacheza sinema.

Halafu tukasikia bunduki upande wa ziwa, mara nyingi. Muda ukapita, ikaja harufu. Walikuwa wamempiga yule kiboko, wamemvuta nchi kavu, wamemkatakata, na moto umewashwa karibu na ukuta. Mji ulikuwa na njaa, siwezi kukataa hilo pia. Kilio kikapungua. Mtu mmoja mmoja aliinuka kando ya maiti, akapangusa machozi, akaenda kwenye foleni ya nyama.

Kila mtoto wa hapa, Muvira ao Mufuliiru, wa kanisa lolote, alilelewa akijua: mnyama aliyemwaga damu ya mtu halambwi hata mchuzi. Anayemla amemla yule mtu. Hashiki jeneza, haingii kwenye kilio, mpaka wenye maiti wamsafishe. Walijua wote. Walikula wote.

Kisha waliniletea na mimi. Mathieu mwenyewe, kwa heshima, kwa mikono miwili, kipande kizuri juu ya jani la mgomba, mafuta yanachuruzika.

"Mama, kula. Tumemulipiza muzee. Hii njo fungu ya mujane."

Kidevu chake kilikuwa kinang'aa. Machozi na mafuta vilikuwa vimechanganyika, vinashuka pamoja. Nilikiangalia kile kipande na sikujua ndani yake mna nini cha bwana yangu. Mama mkwe alitapika pale pale.

Sikupokea. Nilimwuliza polepole, "Mathieu, baba yako anatoka wapi?"

"Bwegera."

"Na kule Bwegera, muntu akikula nyama iliyoua ndugu yake, wanamuita nani?"

Nikainuka, nikaingia uwanjani, hakuna aliyenizuia. Nikawauliza wote, "Nani hapa hajakula? Huyo aje abebe maiti. Wengine wote mumesha kumukula Firmin, muko naye mu tumbo. Mukimugusa na ile mikono, minye simo."

Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Alikaa na kile kitu mdomoni, hawezi kumeza, hawezi kutema. Wapiganaji waliangalia vidole vyao. Hawa walikuwa watu wa miiko. Mwiko huu hakuna aliyekuwa amewakumbusha, nao walikuwa wanaujua tangu kwa mama zao. Apollinarie alijipangusa mdomo na kile kikwembe alichokichana kwa huzuni. Wale waliokuwa karibu na mlango walirudi nyuma, wakaacha njia pana.

"Muchukue," Mathieu akasema. Alikuwa bado ameshika lile jani.

Tulimchukua. Mzee Léopold mbele, mimi na Florentine nyuma, mpaka majini ulikokuwa mtumbwi wa Léopold. Watu zaidi ya mia walitutazama tukiyumba na hakuna aliyenyoosha mkono. Kalundu nilimwosha mwenyewe, nikafunga tumbo lake na kikwembe changu cha harusi. Mama yake alimwona uso. Tulimzika kando ya baba yake kabla ya jua kuzama, na katekista mmoja aliyekuwa amelala na malaria siku nzima, kwa hiyo hakuwa amekula.

Kilio kilikuwa kidogo. Watu walikuja, wakasimama ng'ambo ya barabara na kuimba maneno ya Firmin kutoka kule. Hawakuvuka. Niliwageuzia mgongo.

Baada ya siku chache Mathieu alikuja peke yake, bila bunduki, na mbuzi kwenye kamba. Alikuwa amekonda. Alisema chakula hakikai tumboni, na vijana wake wanakataa kulala karibu naye. Akapiga magoti nje ya ua, kama siku ile barabarani.

"Mama, munisafishe. Minye nilimupenda muzee kuliko wote."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuona vile ulimupenda."

Mzee Léopold alitaka kumsamehe, alisema ni mtoto, alisema tuogope bunduki zao. Nikasema maiti ni yangu. Nikamwambia Mathieu arudishe mbuzi alikomtoa, nikafunga mlango. Alikaa pale nje muda mrefu, kisha nikasikia mbuzi analia akivutwa barabarani. Wanajeshi wa serikali waliporudi mjini, Simba walikimbilia milimani, naye akaenda nao. Padri ameniuliza mara nyingi kama nimemsafisha moyoni. Simdanganyi padri. Sijamsafisha.