Kabureta Ilibaki Mfukoni

Kwenye gereji ya Nguvumali, ninapouza vitumbua tangu niache shule, mtu mmoja alishusha injini ndogo ya zamani iliyopakwa rangi nyekundu mbichi. Alitaka ifufuliwe aifunge kwenye kipikipiki cha mwanawe.

"Ya marehemu baba," alisema, bila kuulizwa.

Fundi mzee alichomoa kabureta, ambayo bila hiyo injini haiwaki, akaipindua injini, akakwangua rangi kitakoni. Zikatokea herufi za Kiarabu: wakfu.

"Hii ilikuwa ikivuta maji ya udhu msikitini kwetu, ikaibwa. Herufi hizi nilizichonga mimi."

"Wallahi, mzee wangu, nimeinunua kwa muuza vyuma chakavu!"

"Si ulisema ya marehemu?"

Mtu yule akajifuta jasho. "Basi nairudisha msikitini mwenyewe, sasa hivi."

"Allah akulipe kheri, mwanangu." Fundi akamsaidia hata kuipakia kwenye bajaji. Kabureta akaitia mfukoni. "Hii nitakuja nayo adhuhuri, tuifungie huko huko."

Adhuhuri nilipita msikitini kuchungulia. Injini ilikuwapo, kando ya kisima.

Nimefundishwa kumdhania kila mtu mema, na bado najitahidi. Ila naona dhana njema hutulia zaidi kabureta ikiwa mfukoni.