Tundu la Kupitishia Mbao

Mume wangu ni seremala, na kichwa chake ni kigumu kuliko mbao zake. Aliufunga msumeno wa umeme kwenye chumba cha uani, akaumwagia zege miguuni, ndipo akagundua kwamba ubao mrefu unagonga ukuta kabla haujaisha kupasuliwa. Badala ya kuhamisha mashine, akatoboa ukuta. Upande wa pili ni jikoni kwangu.

"Baba Watoto, vumbi la mbao limejaa kwenye mboga!"

"Basi hamisha jiko. Mashine haing'oki."

Leo ubao ulipochomoza juu ya sufuria, nilingoja upite wote, nikauvuta, nikaucharanga kwa shoka, nikachochea moto.

"Ubao wangu uko wapi?" akafoka tunduni.

"Sukuma mwingine. Maharage hayajaiva."