Mdogo Wangu Alikimbia Ndoa na Sufuria Mbovu

Jamani, mimi si mtu wa kuanika mambo ya familia mtandaoni. Ila hili limenikaa kooni mwaka mzima, na kooni kwenyewe ndiko lilikoanzia. Mtaelewa mbele.

Mdogo wangu Lorna alimkimbia mumewe akiwa na kitu kimoja tu mkononi.

Nguo hakubeba. Vyeti hakubeba. Hata viatu alikuja na ndala za chumbani, theluji ikiwa imemfika kwenye vifundo.

Alibeba sufuria.

Kisufuria kidogo cha stili, cha mpini mmoja mrefu, kile cha kupashia maziwa au mchuzi wa watu wawili. Kimebonyea ubavuni. Mpini unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nikafungua mlango nikamwona. Jicho la kushoto limeziba, mdomo umepasuka, damu imegandia kidevuni. Mimi nikipaniki mdomo unatangulia akili, basi nikaropoka.

"Lorna! Nguo huna, sufuria unayo?"

"Nilishika kilichokuwa karibu, dada."

Nikaamini. Nani asingeamini?

Naitwa Avis. Tunaishi Vermont, huku juu karibu na mpaka wa Kanada, ambako ikifika mwezi wa tatu kila mtu ananuka moshi na sukari. Ni msimu wa mepo, mti wenye utomvu mtamu. Miti inatobolewa, maji yake yanachemshwa hadi yanakuwa shira nzito ya kahawia.

Mtoto wa huku anafundishwa jambo moja kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu. Shira ikianza kupanda kwenye sufuria, acha kila kitu, kimbia ukaiepue. Ikifurika umeua kazi ya siku nzima, na nyumba itanuka kuungua mpaka Pasaka.

Sasa huyo Royce, mume wa Lorna, alikulia ndani ya kibanda cha kuchemshia. Baba yake alikuwa anamtandika kwa kila povu lililomwagika. Kwa hiyo Royce anaweza kuacha nyumba iteketee akiwa anafunga zipu ya koti, lakini shira haifuriki mbele ya macho yake.

Najua kwa sababu siku ya kwanza alipompiga Lorna, nilisikia kwa simu.

Tulikuwa tunapiga umbea, mimi na yeye, akiwa jikoni kwake. Akajisahau. Nikasikia jiko likichacharika, tsss, halafu sauti ya Royce.

"We mwanamke! Shira inamwagika wewe unachekacheka?"

Halafu nikasikia kang!

Ile kang sijaisahau. Kumbe alimpiga na sufuria yenyewe, kichwani. Ule ubonyeo ubavuni ni kichwa cha mdogo wangu.

Nilimwambia aondoke. Akasema Royce kaomba msamaha. Nilimwambia tena, akasema Royce kaacha pombe. Mkiwa na ndugu wa hivi mnajua inavyochosha. Mpaka siku hiyo alipokuja mwenyewe na ndala.

Tukaenda mahakamani, Royce akapigwa marufuku kumsogelea. Karatasi tukapewa. Royce akapiga simu nyumbani kwangu jioni ileile.

"Shemeji, mwambie mke wangu nakuja kumchukua. Akikataa nitamzika, na wewe nitakupanga juu yake."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayeagiza mkate. Tangu hapo Lorna akawa anaruka hata mlango wa friji ukifungwa.

Sasa turudi kwenye sufuria, maana ndiyo yenye kisa.

Mimi nauza vyombo kwenye duka la vifaa hapa kijijini. Nimeuza sufuria mpaka nikilala naziota. Siku moja namkuta Lorna anapashia supu kwenye lile bovu lake. Nikashindwa kuvumilia.

"Hebu lete hapa. Hili takataka alinunua nani?"

"Royce. Zawadi ya Krismasi."

"Ndiyo maana. Njoo nikufundishe maisha."

Nikashusha sufuria yangu, ya lita moja na nusu, umri wake sawa na wa mwanangu. Nikamwekea mikononi zote mbili.

"Sikia uzito. Yangu kitako kinene, moto unasambaa taratibu. Ya kwako kitako chembamba kama mfuniko wa kopo, pale moto unapogusa ndipo panapochemka kama kichaa. Haya, tazama mpini. Wangu umepigiliwa ribiti, misumari minene ya chuma, unaviona vichwa vyake kwa ndani? Wa kwako umechomelewa vidoti viwili, na kimoja kimeshaachia."

"Lakini si unashika?"

"Ikiwa tupu, unashika. Jaza maji uone."

Nikaijaza, nikainyanyua kwa haraka. Tak! Mpini ukabaki mkononi mwangu ukining'iniza kipande cha bati, maji yote yakanimwagikia miguuni.

Lorna akacheka. Mara ya kwanza tangu aje. Nilifurahi mpaka nikasahau soksi zimelowa.

"Hapo ni maji baridi," nikamwambia. "Ingekuwa shira inachemka, huo mkono ungeusahau. Katupe."

"Mkono mzima?"

"Mzima! Shira haifutiki, mama, inaganda na wewe."

 Akauchukua ule mpini, akaubana mahali pake kwa koleo la mume wangu.

Nilidhani baadaye kaitupa.

Ikaja Jumanne ya mkutano wa kijiji. Siku hiyo wanaume kwa wanawake wanajazana ukumbini kubishana barabara na shule tangu asubuhi. Mume wangu Emery akaenda. Mimi nikabaki na Lorna, maana alikataa kutoka.

"Leo atakuja," akaniambia wakati tunakunywa kahawa. "Anajua nyumba zote ziko tupu."

"Basi twende ukumbini, kule kuna watu!"

"Nimechoka kukimbia, dada. Leo tuchemshe shira tule na theluji. Kama zamani kwa mama."

Niambieni ukweli, mngekataa? Mtu kapigwa, kalala na hofu miezi, anaomba utamu wa utotoni. Nikapiga simu kituo cha polisi kuwaomba wapitepite, nikafunga mlango wa mbele, nikawasha jiko.

Nikatia shira kwenye sufuria yangu. Nikatia na kipande cha siagi, kama anavyotia kila mtu huku. Siagi inazuia povu, shira inachemka kwa adabu. Moto nikauweka wa kati. Nikaandaa donati na matango ya siki, maana utamu ule bila uchachu hauliki.

"Angalia jiko," nikamwambia Lorna. "Nakwenda kushindilia theluji."

Nikatoka kibarazani, upande wa nyuma, na sinia langu kubwa. Theluji safi inashindiliwa kwenye sinia mpaka inakuwa ngumu, halafu shira ya moto inamiminwa juu, inaganda papo hapo, mnaivuta kwa uma. Nilikaa huko kidogo kwa sababu theluji ya juu ilikuwa chafu, ikabidi nichimbe.

Nikasikia gari.

 Nikaacha sinia palepale, nikakimbilia mlango wa nyuma. Royce alikuwa kashazunguka nyumba. Akanikuta nimeshika kitasa.

"Shikamoo, shemeji," akasema huku anacheka, na pombe inamnuka.

"Royce, ondoka. Karatasi ya mahakama unaijua."

"Karatasi? Karatasi naipangusia."

Tukaanza kurushiana maneno pale mlangoni. Nilikuwa namchelewesha makusudi, nikitegemea askari. Nikamtukana yeye, nikamtukana baba yake, nikatukana hadi gari lake. Alipochoka kunisikiliza akanipiga ngumi ya tumbo. Nikaingia jikoni kinyumenyume na mlango.

Lorna alikuwa kakaa mezani. Mikono mapajani. Hakupiga kelele wala hakuinuka.

"Vaa viatu, mke wangu," Royce akamwambia. "Nikimalizana na huyu tunaondoka."

Nikamrukia. Mimi ni mtu mzima na magoti yangu mabovu, lakini nilimrukia. Nikamkwaruza uso mpaka nikahisi ngozi kwenye kucha. Akanishika nywele, akanibamiza kwenye kabati, sahani zikashuka zikapasuka kichwani kwangu. Halafu akanikaba koo kwa mikono miwili.

Wanaosema ukikabwa unaona maisha yako yote, waongo. Mimi niliona jiko.

Nyuma ya bega la Royce, sufuria ilikuwa inapanda. Povu la kahawia limevimba limefika ukingoni. Na akili yangu, badala ya kuwaza mume na mwanangu, ikawaza upuuzi mtupu. Mbona inapanda? Si nimetia siagi?

Tone la kwanza likadondoka kwenye moto. Tsss.

Royce akasikia.

Jamani, naapa. Macho yake yalikuwa ndani ya macho yangu, ananiua, na yakahama. Pua ikacheza. Mikono ikaachia shingo yangu kama imepigwa shoti.

"Wapumbavu nyie! Shira inamwagika!"

Akalirukia jiko, akadaka mpini, akaivuta kwa nguvu kuiepua.

Tak.

Sufuria ikapinduka. Shira yote inayotokota ikamshukia kwenye kiganja, kwenye vidole, ikapanda kifundoni mpaka kiwiko. Sijawahi kusikia binadamu akilia vile. Akajaribu kuifuta kwa mkono wa pili, ikashika na wa pili. Ngozi ikawa inateleza pamoja na shira.

Angekimbilia bomba la maji, pengine angeokoa kitu. Lakini huyu ni mtu wa huku. Shira ya moto na theluji kichwani kwake ni kitu kimoja. Akatoka mbio kibarazani, akatumbukiza mkono wa kulia kwenye sinia langu.

Ikaganda.

Ikaganda na vidole vyake ndani, ikashikana na ngozi iliyoiva. Akawa anauvuta mkono huku analia, anauvuta. Ulipotoka, ulitoka na ulichotoka nacho. Kilichobaki kwenye sinia sitakisimulia, kuna watu wanakula.

Mimi niko sakafuni natafuta pumzi. Nikadhani yameisha. Royce akatokea tena mlangoni, mkono umening'inia unavuja, na mkono wa kushoto kashika koleo langu la theluji.

"Nawaua," anasema. "Wote wawili, nawaua."

Akanyanyua koleo juu yangu.

Kang!

Akashuka kama gunia. Nyuma yake kasimama Lorna, kashika sufuria yangu. Ile ya kitako kinene. Ribiti zake hazikutikisika hata moja.

Royce akajaribu kuinuka kwa magoti. Lorna akampiga tena, palepale penye utosi. Halafu akavuta kiti akakaa, sufuria mapajani, mpaka askari walipofika.

Askari Tilton, kijana wa palepale kijijini, akaiangalia shingo yangu, akaangalia koleo, akaokota na ule mpini sakafuni. Akatikisa kichwa.

"Sufuria za siku hizi, mama Avis. Zinatengenezwa hovyo sana."

"Hovyo kabisa," nikajibu kwa sauti ya chura.

Royce akapona ili afungwe. Yuko ndani sasa. Mkono wa kulia vidole vimeungana, hawezi kukunja ngumi tena. Ndiyo ngumi aliyokuwa akiitumia.

Mngedhani hadithi imeisha. Mimi mwenyewe nilidhani; ile mbovu kuwa jikoni nilijiambia Lorna aliongeza shira tu.

Baada ya siku kadhaa nikaingia stoo kutafuta unga. Nyuma ya mifuko, nikakuta bakuli langu la bluu limefunikwa kitambaa. Nikafunua. Shira. Juu yake kumeganda viduara vya siagi.

Nikasimama na lile bakuli, nikajumlisha moja na moja.

Shira yangu, ile ya adabu, ilimiminwa humu. Iliyokuwa jikoni ilikuwa nyingine, haina siagi, kwenye sufuria mbovu ya kitako chembamba, imejazwa pomoni, moto umefunguliwa hadi mwisho. Nami ndiye niliyemfundisha kila kitu, kwa mdomo wangu huu.

Nikaenda sebuleni. Lorna anafuma soksi.

"Lorna. Ulibadilisha sufuria makusudi."

Hakuinua macho.

"Usiku ule nilipomkimbia sikushika kilichokuwa karibu, dada. Niliitafuta hiyohiyo aliyonipigia. Nilipekua kabati zima."

"Na kama asingeigusa? Alikuwa ananiua, Lorna! Ulikaa unaangalia!"

Hapo akaweka soksi chini. Macho yakamjaa machozi.

"Sufuria yako nilikuwa nayo chini ya meza. Ningehesabu povu mpaka ukingoni; asingegeuka, ningempiga. Lakini nilijua ataigusa. Amenipiga miaka kwa ajili ya povu. Hakuna mtu duniani anayemjua Royce kama mimi."

 Nilitaka kumpiga kofi, nikamkumbatia. Tukalia wote kama watoto.

Bakuli lile tulilimwaga. Mengine nawaachia nyinyi mhukumu, mimi nimeshindwa.

Funzo? Dada zangu, ukinunua sufuria ndogo, inyanyue ikiwa imejaa, na uangalie ribiti. Hilo nalisema kama muuza vyombo.

Na wewe kaka unayemwinulia mkeo mkono, unadhani yule aliyekaa kimya pale mezani ni mjinga. Kila siku unayompiga, anakusoma. Anajua unachokipenda, unachokiogopa, na kitu gani huwezi kukiona kikimwagika bila kunyoosha mkono.