Nilivyoenda interview ya Kihispania nikauliza habari za ng'ombe

Wakuu, salamu kwenu nyote popote mlipokaa na simu. Hii ilinipata mimi mwenyewe, sijaambiwa na mtu. Kama kuna chumvi, ni ile ya kawaida ya mboga.

Kuna watu hapa kila mara wanauliza faida ya kujifunza lugha ya kigeni kama huna hata passport. Kaeni chini niwajibu.

Mimi ni Mmaasai wa Kajiado, naishi Kitengela na mke wangu Naisula. Nafanya kazi kwenye shamba la maua kule Isinya. Wakati huo nilikuwa packhouse, mahali waridi zinapangwa na kufungwa, na baridi ya cold room ilikuwa imenikalia magotini kama mtu wa pensheni.

Kisha tukaletewa manager mpya kutoka Ecuador, anaitwa Efraín. Mtu wa mvi, mpole. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana, kwa hivyo maagizo yote alitoa kwa mikono.

Akipunga hivi, wengine wanafungulia maji, wengine wanafunga. Waridi ziliteseka.

Ndipo Madam Purity wa HR akatangaza kwamba anatafutwa supervisor wa greenhouse anayejua Kihispania, hata kama ni cha kuombea maji.

Wakuu, greenhouse kuna joto. Niliitaka hiyo kazi na roho yangu yote.

Naisula akamwambia mama yake kwamba naomba kazi ya supervisor. Mama yake akaambia kanisa kwamba mimi ni supervisor. Kufikia Jumapili nilikuwa napewa mkono wa pongezi mlangoni, na interview bado sijafanya. Sasa nikikosa, nitaficha wapi uso?

Nikaweka app kwenye simu, nikaanza.

Niwaambie ukweli, kwa mtu wa Kiswahili hii lugha si ngumu. Zile a, e, i, o, u ni zetu kabisa, unasoma vile unaona. Shida ilikuwa app yenyewe. Ilinifundisha kusema "mwanamke anakula tufaha" wiki nzima. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke wa Kajiado akila tufaha mpaka ikabidi mtu atangaze.

Mazoezi nilifanyia nyuma ya banda la kuku, kwa sauti, macho nimefunga ndio nikumbuke.

Jirani yetu Mama Mutheu, Mkamba mwenye imani kali, akanisikia. Akaja polepole, akasimama kando yangu, akainua mikono. Mimi nikisema "la mujer come una manzana", yule yule mwanamke wa tufaha, yeye anaitikia amina.

Siku iliyofuata alimleta dada yake anayeumwa mgongo. Nikamsomea rangi zote na siku za wiki. Dada alisema amepata nafuu, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia ilikuwa Jumatatu mpaka Jumapili.

Lakini kitu kilichonisumbua kabisa ni salamu. App inasema: hola, uko aje, niko poa, imeisha.

Kwetu huwezi kumvamia mtu hivyo. Unauliza watoto, unauliza ng'ombe, mvua, nyasi, wagonjwa, na yeye anakujibu yote na kukuuliza yako. Baada ya hapo ndio unasema kilichokuleta. Nikaona watu wa app wamefupisha tu ili kuokoa bundles. Nikajitafutia maneno yaliyobaki, nikaunda salamu kamili ya kwetu kwa Kihispania. Niliijua kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya interview nikaingia ofisini. Madam Purity ameketi upande huu, Efraín upande ule.

Kosa la kwanza: nilipoona zile mvi, kichwa kiliinama chenyewe. Kwetu mtu wa rika la baba yako humpi mkono, unampa kichwa akiguse.

Efraín akakiangalia kichwa. Akavaa miwani, akakiangalia tena, kwa makini, kama anayetafuta kidonda.

"Kwani unaumwa?" Madam akaniuliza.

Nikainuka. Majibu yote ya mbolea na dawa niliyokuwa nimekariri yalikuwa yametoroka. Mdomo ukachukua kilichokuwa karibu.

"Don Efraín, ¿cómo están las vacas?"

Madam akataka kujua nimesema nini. Nikamwambia nimemuuliza ng'ombe wake wako aje. Akafunga macho, na mimi nikaona ile mikono yote ya pongezi ikinirudia moja baada ya nyingine.

Lakini sikuweza kuachia katikati. Salamu ukishaianza unaimaliza. Nikauliza mama, nikauliza mvua, nikauliza kama nyasi imetosha.

Efraín akavua miwani. Akaanza kuongea, kwanza pole pole, halafu kama bomba lililopasuka. Akatoa simu akanionyesha ng'ombe mweusi amesimama kwenye mlima wa kijani, na kando yake bibi kizee amevaa kofia. Macho yake yalikuwa yamelowa. Yangu pia, sijui kwa nini.

Madam kila mara ananiuliza anasema nini. Nikamwambia ng'ombe amezaa. Baadaye nikamwambia mvua ilinyesha. Baadaye, mama yake yuko mzima.

"Muulize kuhusu roses," akasema.

Nikamuuliza. Efraín akapunga mkono, akamgeukia Madam na kile Kiingereza chake.

"Here, everybody ask me flowers," akasema. "Nobody ask me my mother. This one."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, wakuu.

Tulipotoka, Madam alinivuta kando kwenye korido. "Huyu mzee ameongea nusu saa," akaniambia, "na wewe umenitafsiria sentensi tatu. Zile zingine ziko wapi?"

Nikamwambia kwa heshima kwamba hayo yalikuwa mambo ya familia yake, si ya kusambaza.

Ukweli ni kwamba nilielewa hizo tatu tu.

Kwa hivyo funzo langu ni hili: lugha ya mtu ni ya thamani hata ukiwa nayo kidogo, bora hicho kidogo ukitumie kumuuliza habari za kwao. Haya, na nyinyi mnajifunza lugha gani, na mmeanza na salamu ama na tufaha? Semeni hapo chini.