Maili Tisa Hadi Kisimani

Siku ya zawadi, Dekow Sugow aliitwa mbele mara mbili: kwanza kama nahodha wa kandanda, kisha kama bingwa wa mbio za maili tatu. Mara zote mbili uwanja wa shule ulivuma. Ulikuwa mwaka wa 1966, Garissa, vita vikiwa vimeufunga mkoa mzima, lakini asubuhi ile wavulana waliwasahau askari waliosimama langoni.

Mkuu wa wilaya alimkabidhi kikombe kwa ushindi na kwa uongozi, kisha akapaza sauti: "Kijana huyu hukimbia maili tisa kwenda na tisa kurudi, kila Ijumaa!"

"Warya, kumbe wewe ni ngamia!" alipiga kelele Alio, golikipa. "Nundu umeificha wapi?"

Dekow alicheka pamoja na wenzake. Kicheko kilikatika ghafla. Maili tisa hizo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Keynan wa michezo, mtoto wa wafugaji wa Wajir. Ndiye aliyemnunulia Dekow raba zake za kwanza, akamfundisha kupumua kwa mpango. Miezi miwili nyuma alimkalisha ofisini, akamsogezea karatasi nyeupe.

"Nataka kulipeleka jina lako kwa wakubwa, upate kikombe. Watauliza unafanya mazoezi wapi, maili ngapi. Nichoree njia."

Dekow alisita. Mwisho wa mbio zake palikuwa na kisima, na hapo Yarrow, kaka wa mama yake, alikuwa amewaficha ngamia wake. Serikali ilitaka mifugo yote ikae karibu na vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Iliyokutwa nje ilitwaliwa kama mali ya shifta, waasi waliopigana na serikali. Tena kwao, hata kabla ya vita, mtu hakutaja ovyo mahali ngamia wanapokunywa maji.

"Mwalimu, njia hiyo..."

"Unanificha mimi? Mimi niliyezaliwa kisimani?"

Dekow akachora. Mwalimu aliponakili na kukosea, Dekow mwenyewe alimsahihisha, kama mwanafunzi mwema: "Hapana, mwalimu. Mto mkavu unapinda kushoto, ndipo unaiona miti mitatu."

Ijumaa iliyofuata siku ya zawadi, kabla Dekow hajamaliza kufunga kamba za raba, ngamia walipitishwa mbele ya shule wakiswagwa na askari. Aliitambua chapa ya shingoni kabla hajamwona mtu. Nyuma kabisa, Yarrow alitembea peke yake, chombo cha maziwa kikining'inia begani.

Dekow hakumkimbilia. Alikimbilia ofisini.

"Karatasi yangu iko wapi, mwalimu?"

Keynan alifunga dirisha kwanza. "Wakubwa waliiona hapa mezani. Wakauliza ni ya nini."

"Ukasema nini?"

"Nina watoto, Dekow. Siku hizi mtu wa kwetu akinyamaza, anaitwa shifta." Alitazama ukutani. "Na kikombe si umepata?"

Dekow alizivua raba, akaziacha juu ya meza, palepale alipochorea. Akatoka pekupeku.

Alimkuta Yarrow amesimama nje ya boma la askari, mikono juu ya seng'enge.

"Abti," alisema Yarrow, maana kwao mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo moja. "Hawakumuuliza mtu njia. Waliufuata mto mkavu, wakaipita miti mitatu, wakafika moja kwa moja. Kiongozi wao alikuwa ameshika karatasi." Akakishusha chombo begani, akamnyooshea. "Haya, kunywa. Niliyakamua alfajiri, nikijua ni Ijumaa yako."

Dekow angeweza kunywa na kunyamaza. Karatasi ile haikuwa na jina lake. Lakini uwanjani, goli lilipoingia, yeye ndiye aliyezoea kusema kosa ni langu, hata lilipokuwa la Alio.

"Abti, njia niliichora mimi. Mwalimu aliiomba, kwa ajili ya kikombe. Nikamwamini."

Mkono wa Yarrow ulibaki umenyooka kwa muda, chombo kati yao. Kisha ukarudi polepole. Alikifunga chombo kwa kifuniko chake, akakitia kwapani, akageuka kuwatazama ngamia wake kupitia seng'enge.